Mama Mvua na Maji ya Bi Povu

Kuna mwanamke ambaye kazi yake ni kunyesha mvua. Si mganga, msianze. Ni fundi wa maabara kwenye chuo cha kilimo, mrefu, mwembamba, anavaa buti za mpira ndani ya nyumba, na ana mtambo. Asubuhi anafungua mlango, anawasha pampu, anazungusha koki, na mvua inanyesha chini ya bati huku nje jua linawaka kama kawaida. Wanafunzi walianza kumwita Mama Mvua kwa utani, jina likanata, na leo hata kwenye simu ya mume wake kaandikwa hivyo hivyo.

Mtambo wenyewe ukiuona mara ya kwanza unaweza kudhani ni goli la mpira lililoota miguu miwili ya ziada. Ni fremu ya chuma, urefu wa mtu aliyebebwa mabegani na mwenzake. Juu kabisa kuna vinyunyizio vitatu vinavyoyumba kushoto, kulia, kushoto, kulia, kama mtu anayekataa kitu kwa kichwa. Chini yake kuna sinia la chuma, mita moja kwa nusu mita, limejaa udongo, na chini ya sinia kuna jeki, ileile ya kuinulia gari. Ukipiga jeki sinia linainama, na udongo uliokuwa umelala unageuka kilima. Mvua inanyesha, maji yanateremka yakiwa yamebeba udongo, yanatokea kwenye mfereji mdogo kama mdomo wa birika na kuingia kwenye mitungi ya kioo. Kinachobaki ni kukausha ule udongo wa kwenye mitungi ndani ya oveni siku nzima, halafu unaupima kwenye mizani. Ukijua ni gramu ngapi zimeondoka kwenye sinia, unajua kilima cha kweli kitaliwa kiasi gani mvua za kweli zikija.

Sasa usifikiri alizaliwa anayajua haya. Aliingia pale ana miaka ishirini, kaishia kidato cha pili, kazi yake kupiga deki. Mtambo ulikuwepo ila mvua yake ilikuwa ya upendeleo, upande mmoja wa sinia unaloa chapachapa, mwingine vumbi. Wasomi walikuja wakatazama, wakaandika, wakaondoka. Yeye akiwa na dekio lake aliona nyigu anaingia kwenye kinyunyizio cha kati na kutoka, anaingia na kutoka, kama mtu na nyumba yake. Siku ya tatu akapanda ngazi na sindano ya kushonea, akachokonoa, ukadondoka udongo mkavu saizi ya punje ya mahindi. Nyigu alikuwa amejenga. Mvua ikanyesha sawasawa.

Fundi wa zamani, mzee mkali aliyekuwa anaongea kama analipia kila neno, alimwangalia akasema, "Weka hilo dekio chini." Hiyo ndiyo ilikuwa barua yake ya ajira. Miaka kumi na minane hiyo. Mzee alistaafu, akamwachia funguo na daftari la jalada la kijani lenye masharti ya kazi, moja kila mstari, hakuna hata moja lenye maelezo. Chekecha udongo mara mbili. Shindilia kwa kibao, usitumie mkono. Panga vikombe ishirini na nne chini ya mvua kila Jumatatu, upime kama vimejaa sawa. Tangi lijazwe maji ya paa.

Hilo la mwisho ndilo lililoleta kasheshe.

Miezi miwili kabla ya haya, chuo kilichimba kisima. Maji yakawa yanatoka muda wote, safi, baridi, matamu kuyaangalia. Mama Mvua alifurahi mpaka akaimba. Kwa miaka yote alikuwa anasubiri bati likusanye mvua ya kweli ili na yeye anyeshe mvua yake ya kuigiza, na kiangazi kikikolea tangi linabaki na mende tu. Akachukua bomba, gundi na msumeno, akaunga tangi la mtambo na kisima kwa mikono yake mwenyewe, asubuhi moja, hakuuliza mtu. Lile sharti la maji ya paa alijua tu ni ubahili wa mzee, kwamba hakutaka bili ya maji ipande.

Basi ikaja kazi ya shule.

Manispaa walikuwa wanapanua shule ya msingi iliyoko chini ya kilima. Wakachonga kilima, wakajenga madarasa mapya matatu, na nyuma ya madarasa likabaki kovu la udongo mwekundu, uchi kabisa, limesimama kama ukuta ulioegemea. Swali lilikuwa moja. Waliache hivyo hivyo na mtaro chini yake, au walichonge ngazi ngazi na kupanda nyasi kabla ya mvua? Mvua zilikuwa wiki sita mbele. Injinia wa manispaa akaleta magunia sita ya ule udongo chuoni, akasema majibu anayachukua Ijumaa.

Na darasa la katikati, lile ambalo ukuta wake wa nyuma unaangaliana na kovu uso kwa uso, ndilo darasa la tatu. Binti yake Mama Mvua anasoma hapo. Anakaa dawati la mwisho, anapenda ukutani kwa sababu pana ubaridi.

Kazi ikafanyika. Mama Mvua alichekecha, akashindilia, akapiga jeki, akanyesha mara tatu. Majibu yakatoka mazuri mpaka raha. Gramu sitini na moja kwa nusu saa ya mvua kubwa. Udongo mtulivu. Dokta, yaani mkuu wa maabara, kijana wa tai na miwani ambaye hajawahi kulowa hata siku moja, akasema, "Safi. Mtaro utatosha. Naandika ripoti."

Mama Mvua angelala usingizi mnono kama si chupa.

Siku alipokwenda shuleni kuangalia kile kilima kilikokatwa, kulikuwa kumepita manyunyu ya kiangazi, yale ya kukudanganya uanue nguo. Chini ya kovu palikuwa na dimbwi. Kwa mazoea tu akachota maji yake kwenye chupa ya soda, akaiweka nyumbani kwenye dirisha la jikoni, akaisahau. Siku ya sita, Jumanne asubuhi, anasubiri chai ichemke, macho yakaangukia ile chupa. Bado ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Siku sita, na udongo haujazama.

Akasimama na kijiko mkononi. Kule maabara, mitungi yake ilikuwa imetulia ndani ya nusu saa. Udongo chini, maji juu meupe, unasoma gazeti kupitia. Udongo ni uleule. Kilima ni kilekile.

"Chai inamwagika," sauti ikasema nyuma yake.

Huyo ni mama mkwe. Mtaa mzima unamwita Bi Povu, kwa sababu ana tangi la maji ya mvua nyuma ya nyumba, lita elfu moja, na anayalinda kuliko anavyolinda meno yake, kwa ajili ya kufulia. Ana imani kwamba nguo isiyotoa povu haijafuliwa, imepigwa tu.

"Mama, ule udongo wa shule haueleweki."

"Zima jiko kwanza, ndiyo usieleweke na wewe."

Akazima. "Maji yake huku hayatulii, kazini yanatulia."

"Kazini mnatumia maji gani?"

"Ya kisima."

Bi Povu akacheka, kale kacheko ka mtu aliyekuwa anasubiri kuulizwa miaka mingi. "Kama yale ya jirani aliyechimba mwaka juzi? Si alinipa ndoo moja nifulie. Sabuni kipande kizima, povu halijulikani limeenda wapi, chini ya beseni yamebaki mabonge mabonge kama uji uliokatika. Yale maji yanagandisha vitu, mwanangu. Mimi nilimwambia, maji yako yana chokaa, yapeleke ukapake ukuta."

Yanagandisha vitu.

Mama Mvua hakunywa chai. Alifika kazini mapema kuliko mlinzi, akachukua glasi mbili, akatia kila moja kijiko cha udongo wa shule. Ya kwanza akajaza maji ya kisima. Ya pili akajaza maji ya mvua, aliyoyabeba kwenye chupa baada ya kuomba ruhusa kwa Bi Povu mara mbili. Akatikisa zote, akaziweka mezani, akavuta kiti, akakaa mbele yake kama anaangalia mpira.

Dakika kumi, glasi ya kisima ikaanza kufunguka juu. Vumbi la udongo lilikuwa linashikana, linakuwa vipande, vipande vinazama. Dakika ishirini na tano, ikawa nyeupe. Ya maji ya mvua? Chai ya maziwa, haina habari.

Ikamwingia yote kwa pamoja. Chokaa ya kisima ilikuwa inaushika udongo wake kama gundi. Kwenye sinia ilikuwa inaushika vilevile, ndiyo maana ulionekana mtulivu. Lakini mawingu hayana chokaa. Mvua ya kweli ikinyesha pale shuleni, hakuna kitakachoushika.

Na bomba aliliunga yeye.

Kulikuwa na njia ya kunyamaza, tusidanganyane. Ripoti bado haijatoka, hakuna aliyejua, na mtu anaweza kusema hata hivyo kilima kimesimama. Alikaa na wazo hilo muda wa kuvaa buti zake. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa maradhi yangemwangukia mtoto mgongoni. Akaenda kugonga kwa Dokta.

"Dokta, kuna kitu nimekosea."

"Kikubwa?"

"Njoo na miwani."

Dokta akaja, akaziangalia glasi, akainama, akaziangalia kwa upande. Akavua miwani, akaifuta, akavaa tena, glasi hazikubadilika.

"Tangu lini tangi linatumia kisima?"

"Tangu kichimbwe. Niliunga mimi, sikukuambia."

"Miezi miwili." Alikaa kwenye ukingo wa meza. "Unajua nimesaini vipimo vingapi ndani ya miezi miwili?"

"Kumi na moja. Nimehesabu nikija. Nitavirudia vyote, hata kama ni mpaka mwakani. Lakini huu wa shule unaondoka Ijumaa."

"Jaribio la glasi si ripoti, Mama. Injinia atanicheka. Nipe mvua tatu kamili, sinia jipya kila mara, oveni siku nzima. Pungufu ya tatu sisaini. Na maji yenyewe utayatoa wapi? Kile chombo cha kuchemsha maji na kukinga mvuke wake kinatoa lita nne kwa saa."

"Maji nitayapata."

"Kiangazi hiki?"

"Nimesema nitayapata, Dokta. Wewe andaa oveni."

Alisema hivyo kwa sauti ya mtu mwenye ziwa nyumbani. Ukweli ni kwamba alikuwa na mama mkwe.

Mvua moja ya mtambo inakula lita mia na thelathini. Tatu ni mia tatu na tisini, ongeza za kusuuzia tangi na mabomba ili ile chokaa itoke. Tangi la Bi Povu lilikuwa na lita kama mia sita, alizipima kwa fimbo yenye alama kila Jumapili.

Mchana ule Mama Mvua alirudi nyumbani, akamkuta uani anachambua nguo, nyeupe huku, za rangi kule.

"Mama, naomba maji."

"Ya kunywa yako mtungini."

"Naomba lita mia nne na kumi."

Bi Povu hakuinua kichwa. "Unataka kuoga na nani?"

Mama Mvua akamweleza, kilima, sinia, glasi, dawati la mwisho. Bi Povu akasikiliza huku anakunja shati moja mara tano.

"Kwa hiyo nichukue maji yangu niliyoyalea tangu masika, niwape, mkayamwage kwenye udongo."

"Ndiyo."

"Tena udongo ambao tayari mnajua ni mbaya."

"Sisi tunajua. Karatasi haijui."

Kuku akapita katikati yao akaona mazingira si mazuri, akarudi.

"Mia tatu," Bi Povu akasema. "Zilizobaki ni za sare za shule za huyo huyo mtoto, au aende darasani kuangukiwa akiwa mchafu? Na nakuja na maji yangu. Siwapi watu nisiowajua maji yakaenda peke yake."

Jumatano saa moja asubuhi mkokoteni wa mume wa Mama Mvua, fundi seremala, ukaingia getini kwa chuo na madumu kumi na matano ya lita ishirini, na juu ya madumu ameketi Bi Povu na mkoba wake mapajani. Mlinzi akauliza ni mzigo wa nani.

"Maji yangu," akasema Bi Povu. "Na mimi wa nani huniulizi?"

Alipewa stuli karibu na mtambo. Kitu cha kwanza alichoshuhudia ni Mama Mvua anamimina dumu zima kwenye tangi, anawasha pampu, anayaacha yote yaende kwenye mtaro wa sakafu.

"Hayo yameenda wapi?"

"Nasuuza mabomba, Mama."

"Dumu zima?"

"Chokaa lazima itoke."

Bi Povu akafumba macho kama anayechomwa sindano. Zikabaki mia mbili na themanini. Mvua mbili na kipande. Mama Mvua hesabu hiyo alikuwa nayo kichwani tangu alfajiri, na hakuwa na jibu lake. Alijiambia tu, anza, ya tatu utaijua ukifika ya tatu. Alichekecha udongo mara mbili. Akaushindilia kwa kibao, tabaka kwa tabaka, akaulowesha, akapiga jeki mpaka sinia likafika mwinamo uleule wa kovu la shule. Akasoma saa. Akafungua koki.

Ah, hii ilikuwa mvua nyingine kabisa. Dakika tano za kwanza matone yalikuwa yanapiga, na juu ya udongo pakaanza kung'aa, kama mtu kapaka mafuta. Dakika ya nane, mchirizi mmoja mwembamba ukajichora kati. Dakika ya kumi na mbili michirizi mitatu, na kwenye mfereji ikaanza kutoka rangi nyekundu nzito, si maji ya kuosha mchele kama mara ile, ni rojo. Dokta alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha kahawa. Alikisahau mkononi.

"Nusu saa yote hivi?" akauliza.

"Ni nusu saa ileile," Mama Mvua akajibu, macho kwenye saa.

Bi Povu yeye hakuwa anaangalia udongo hata kidogo. Alikuwa anaangalia pembeni. Vinyunyizio vikiyumba kushoto na kulia, maji mengi yanapita nje ya sinia na kudondoka sakafuni, masafi kabisa, yanaelekea mtaroni.

"Hayo ya pembeni mbona yanapotea?"

"Lazima mvua ivuke ukingo, Mama, ili katikati ipate sawa."

"Sijauliza kwa nini yanaanguka. Nimeuliza kwa nini yanapotea. Nyie hamna mabeseni?"

Miaka kumi na minane Mama Mvua anaangalia yale maji yanaenda mtaroni. Mzee na daftari lake lote hakuwahi kuandika beseni. Akakimbia stoo.

Walipata mabeseni manne, ndoo sita, na turubai la plastiki walilolining'iniza pande mbili za fremu ili likinge na kumwaga kwenye ndoo, mbali na matone yanayoruka kutoka kwenye udongo. Bi Povu ndiye aliyepanga, na alipanga kama anapanga harusi. "Wewe Dokta, weka kahawa chini ushike pembe ile. Vuta. Hujawahi kuanika shuka?" Dokta akavuta. Tai ikalowa. Maji yaliyokingwa yakachujwa kwa kitambaa cheupe alichotoa mwenyewe kwenye mkoba wake, yakarudishwa kwenye madumu, akayahesabu kwa sauti.

Mvua ya kwanza walikuwa wamechelewa kuweka mabeseni, waliokoa lita arobaini. Ya pili, themanini. Ya tatu ilipofika saa tisa alasiri, tangi lilikuwa na lita mia na arobaini. Mama Mvua alilipima mara mbili kwa fimbo ya Bi Povu mwenyewe. Akafungua koki, na mara hii hakuangalia saa peke yake, alimwangalia na mama mkwe wake, mwenye sketi iliyopandishwa magotini na miguu mitupu ndani ya maji, anasukuma beseni kwa kidole.

Mitungi ikaenda kwenye oveni. Alhamisi ikakauka yote.

Ijumaa saa nne Injinia akaja na koti lake la manjano la kung'aa, mtu mkubwa, mchangamfu, simu inaita mfululizo. Alikaa, akakunja nne. "Haya, nipeni karatasi yangu. Mtaro, si ndiyo?"

"Kuna mabadiliko," Dokta akasema.

Mama Mvua akasogeza bakuli mbili za bati mezani. Moja ilikuwa na udongo mkavu kiasi cha kujaza kiganja. Nyingine ilikuwa imejaa. "Hii ni mvua ya kwanza tuliyopima, gramu sitini na moja. Hii ni ya juzi. Mia mbili arobaini. Tumefanya tatu, zote zinafanana. Udongo wako, mwinamo wako."

"Kipi kimebadilika?"

"Maji. Mwanzo nilitumia ya kisima. Yana chokaa, yanaushika udongo. Haya ni ya mvua."

Injinia akacheka, kicheko kizuri tu, hakuwa mtu mbaya. "Mama, maji ni maji."

"Mawingu ya manispaa yanavuta maji kwenye kisima?"

Kicheko kikakatika. Mama Mvua akampa glasi mbili, moja ya maji ya kisima na moja ya mvua, kijiko na udongo. "Tia mwenyewe. Tikisa mwenyewe." Mtu mzima akatikisa, simu ikaita, hakupokea. Walikaa wanaziangalia glasi, na kati yao Mama Mvua akaweka ile chupa ya soda. "Na hii niliichota nyuma ya darasa la tatu. Leo siku ya tisa."

Glasi ya kisima ilipotulia, Injinia akauliza, taratibu, "Nani aliunga hicho kisima?"

"Mimi."

"Na mimi ndiye niliyesaini bila kuuliza maji yanatoka wapi," Dokta akasema. Mama Mvua hakuwa amelitegemea hilo. Alimwangalia, tai yake ilikuwa bado ina doa jekundu.

Injinia akapumua kama tairi. "Nahitaji maandishi. Nikienda kule na ripoti mbili watasema mmenunuliwa na muuza nyasi. Aandike aliyekosea, alikosea nini."

Mama Mvua akavuta karatasi. Hakuwahi kuandika ripoti maisha yake yote, huwa anaandika namba, wasomi wanaweka maneno. Aliandika mistari minne. Kwamba aliunga tangi na kisima bila kujua maji yake yana chokaa. Kwamba maji ya kisima hupunguza udongo unaoondoka. Kwamba amerudia kwa maji ya mvua mara tatu. Kwamba kovu la shule lisiachwe uchi. Chini akaandika, fundi wa maabara, akasaini.

"Ngazi na nyasi ni wiki nne za kazi," Injinia akasema anaikunja ile karatasi. "Mvua ziko wiki tano."

"Basi unayo wiki nzima ya kulalamika."

Alilalamika kweli, na alipiga simu kila siku, na siku ya kumi Mama Mvua alipopita shuleni alikuta watu wana majembe juu ya kovu. Siku ya kumi na nne hawakuwepo. Alikwenda manispaa na buti zake, akakaa kwenye benchi la Injinia mpaka mchana, na ile chupa mapajani. Kesho yake majembe yakarudi. Bomba la kisima alilikata yeye mwenyewe kwa msumeno uleule, na kwenye daftari la kijani, mbele ya lile sharti la maji ya paa, akaandika sababu, herufi kubwa, ili atakayekuja asije akadhani ni ubahili. Chini yake akaongeza sharti jipya, la kwanza tangu mzee astaafu. Weka mabeseni.

Mvua zilikuja Jumamosi mchana, bila salamu. Bi Povu alikuwa uani anazamisha fimbo yake ya kupimia kwenye tangi. "Mia tatu zangu kwanza," alikuwa anaiambia mvua, "halafu ndiyo mnyeshee wengine." Mama Mvua hakuwepo kumsikia. Alikuwa shuleni, kaloa mpaka mifupani, amesimama chini ya ngazi sita za udongo zenye vishungi vya nyasi vilivyoshika, vingine vimelala, vingi vimesimama. Maji yalikuwa yanashuka ngazi moja, yanatulia, yanashuka nyingine. Kulikuwa na kona moja upande wa kulia iliyomeguka kiasi cha karai, akaiweka akilini ya kumwambia Injinia Jumatatu. Akainama mtaroni, akajaza chupa.

Nyumbani akaiweka dirishani pembeni ya ile ya zamani. Binti yake akaja na daftari la hesabu, akazichukua chupa zote mbili, akaiweka ya zamani mbele ya uso akatoa meno. Kitu pekee kilichoonekana ni chai ya maziwa. Akaweka mpya, ina ukungu kidogo chini, akatoa meno tena.

Mama Mvua akayahesabu kupitia maji. Lile jino la mbele lililong'oka wiki iliyopita lilikuwa linaanza kuota.